Kuchagua Baketi ya Loda kwa Trekta Dogo: Anza na Kilo, Upana Utafuata

Malalamiko kuhusu loda za matrekta madogo yanafanana mno: baketi imejaa mchanga na mikono ya loda inayoibeba imegoma kupanda, au mikono imepanda lakini magurudumu ya nyuma yameachana na ardhi. Lawama hutupiwa pampu. Pampu hubadilishwa na tatizo hubaki palepale, kwa sababu baketi ilinunuliwa kwa kutazama upana na kina chake dukani, na hakuna aliyeuliza kitakachowekwa ndani yake kina uzito gani.

Mwongozo huu unahusu trekta la nguvu farasi 25 hadi 50, linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne na lenye loda ya mbele, liwe jipya au mtumba kutoka Japani. Mfano tutakaoufuata ni trekta la nguvu farasi 35 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nyanda za juu, tuseme Njombe au Rungwe, ambako loda huzoa samadi, huhamisha mchanga wa ujenzi, na baada ya mavuno hubeba mahindi. Vipimo vya trekta hilo ni vya mfano tu. Vya kwako vimo katika kitabu chake, na hivyo ndivyo vya kufuata.

## Vinavyohitajika kabla ya kwenda dukani

- Kitabu cha trekta na kitabu cha loda. Hivi mara nyingi ni vitabu viwili tofauti, na namba tunazozitaka zimo katika kile cha loda.
- Futi ya kupimia ya mita tano na kipimo cha kipenyo cha pini.
- Ndoo ya lita 20 na mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50.
- Geji ya upepo wa tairi.
- Kipande cha boksi gumu, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Kitu kizito cha kufungwa nyuma ya trekta, ambacho tutakieleza katika hatua ya 7.
- Daftari. Hesabu za kichwani ndizo zilizowafikisha wengi kwenye baketi isiyowafaa.

## Hatua ya 1: Andika kila mzigo, kisha uupime

Orodhesha vitu vyote ambavyo loda itabeba kwa mwaka mzima, na kando ya kila kimoja uandike hali yake mbaya zaidi. Mchanga uandikwe kama mchanga uliolowa, na udongo kama udongo wa masika. Baketi haichagui siku ya kufanya kazi, na mvua ikinyesha usiku, mzigo wa jana si mzigo wa leo.

Jaza ndoo ya lita 20 kwa kitu hicho bila kukishindilia, uipime, utoe uzito wa ndoo tupu, kisha uzidishe jibu kwa 50. Utapata kilo za mita moja ya ujazo, kwa kuwa ndoo 50 za lita 20 ni lita 1,000. Mchanga mkavu hukaribia kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, na ukilowa hufika 1,900 au zaidi. Kokoto huwa kati ya 1,500 na 1,700. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa ni kama 720.

Samadi ndiyo isiyotabirika: iliyochanganyika na majani makavu inaweza kuwa nyepesi kuliko mahindi, ilhali ile ya majimaji hukaribia uzito wa maji yenyewe, yaani kilo 1,000. Kwa hiyo ipime mara mbili, iliyo juu ya lundo na iliyo chini. Katika mfano wetu tuseme ndoo ilitoa kilo 15, yaani kilo 750 kwa mita ya ujazo.

Hatua hii imekamilika unapokuwa na jedwali lako lenye vitu visivyopungua vitatu na uzito wa kila kimoja. Usiendelee bila jedwali hilo, maana hatua zote zinazofuata zinalitegemea.

## Hatua ya 2: Soma uwezo wa loda mahali panapostahili

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Kitabu cha loda hutoa uwezo wa kunyanyua kwa namna zaidi ya moja, na muuzaji kwa kawaida hutaja namba kubwa kuliko zote.

Namba ya kwanza hupimwa kwenye pini zinazoshika baketi. Ni kubwa, lakini mzigo haukai kwenye pini. Unakaa mbele yake, ndani ya baketi. Namba ya pili hupimwa milimita 500 mbele ya pini, karibu na mahali ambapo uzito wa mchanga hulalia hasa, na ni ndogo kuliko ya kwanza. Vilevile kuna uwezo mikono ikiwa chini na uwezo mikono ikiwa juu kabisa. Uwezo wa loda nyingi za aina hii hupungua mikono ikiwa juu, na huko juu ndiko unakomwagia mzigo ndani ya tela.

Chukua namba ya milimita 500 mbele ya pini, mikono ikiwa juu kabisa. Angalia pia kama kipimo kilichukuliwa baketi ikiwa imefungwa au mikono ikiwa mitupu. Tuseme trekta letu la mfano limeandikiwa kilo 480, mikono mitupu.

Tahadhari. Fundi anaweza kukushauri akaze valvu ya kupunguza presha ili loda ipate nguvu. Kataa. Valvu hiyo imewekwa ili mafuta yarudi kwenye tangi kabla chuma hakijapinda. Ukiikaza zaidi ya kiwango cha kitabu, mzigo uliokuwa ukigoma kupanda sasa utapanda, na kitakachoachia kitakuwa mpira wa presha, mkono wa loda, au bamba linaloshika loda kwenye chesi, yaani fremu kuu ya trekta.

## Hatua ya 3: Fanya hesabu ya ujazo

Kutoka kwenye kilo 480 toa uzito wa baketi yenyewe. Baketi ya kiwandani ya upana wa mita moja na nusu inaweza kuwa na kilo 130, zinabaki 350. Acha sehemu ya kumi kama akiba, kwa sababu ardhi si tambarare na opereta si mizani. Tunabaki na kilo 315.

Sasa gawanya 315 kwa uzito wa kila kitu katika jedwali:

- Mchanga uliolowa: 315 kwa 1,900 ni mita za ujazo 0.17, sawa na ndoo nane za lita 20.
- Samadi: 315 kwa 750 ni 0.42, sawa na ndoo 21.
- Mahindi: 315 kwa 720 ni karibu 0.44, sawa na takriban ndoo 22.

Trekta ni lilelile na loda ni ileile, lakini ujazo unaofaa kwa mahindi ni zaidi ya mara mbili ya ujazo unaofaa kwa mchanga. Baketi ya mita za ujazo 0.40 inayopendeza kwenye mahindi, ikijazwa mchanga mbichi, itabeba kilo 760. Hakuna pampu itakayotibu hesabu hiyo.

Uamuzi hutegemea kazi ya kila siku. Ikiwa mchanga na udongo ndio kazi kuu, nunua baketi ya karibu mita za ujazo 0.20. Ikiwa mchanga ni wa mara chache na samadi ni ya kila wiki, chukua ya 0.25 kwa kazi zote, kisha mwaga ndani yake ndoo nane za mchanga, usawazishe, na upake mstari wa rangi pale mchanga ulipofika. Dereva yeyote atakayepanda trekta hilo ataona mwisho wa mchanga bila kuhitaji kuelezwa. Baketi ya 0.40 ibaki kuwa ya pili, ya mahindi, pumba na maranda, na hata kuinunua si lazima mwaka wa kwanza.

Ujazo ulioandikwa kwenye baketi nao utazamwe kwa makini, kwa kuwa upo ujazo wa kusawazishwa kwenye ukingo na upo ujazo wa kulundika. Kama haijaandikwa kitu, ijaze mchanga mkavu kwa ndoo na uhesabu ndoo hizo.

### Baketi ya kuchomelea mtaani

Baketi iliyotengenezwa na fundi wa kuchomelea inaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu, ila mafundi wengi huamini kwamba bamba nene ndilo bora. Bamba la chuma la milimita 6 lina takriban kilo 47 kwa mita ya mraba, na la milimita 10 lina kilo 78.5. Baketi ya mfano wetu ikitumia mita za mraba 2.7 za bamba, ile ya milimita 6 itakuwa na kilo 127 na ile ya milimita 10 itafika kilo 212. Kilo 85 za ziada ni karibu ndoo mbili na robo za mchanga mbichi utakazoziacha chini kila safari, kwa maisha yote ya baketi hiyo. Mwambie fundi atumie bamba nene kwenye mdomo tu, mahali panapolika, na aimarishe mgongo kwa mbavu.

## Hatua ya 4: Pima upana

Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la kulia, mbele na nyuma, na uchukue kipimo kikubwa. Baketi inapaswa kufikia upana huo au kuuzidi kwa sentimita chache. Trekta lenye upana wa mita 1.45 litafaa na baketi ya mita 1.50.

Ikiwa nyembamba kuliko matairi, matairi yatapanda juu ya kifusi ambacho baketi imekiacha pembeni, trekta litainama upande, na hutaweza kuzoa samadi iliyo sambamba na ukuta wa banda. Ikiwa pana kupita kiasi, kona yake ikigonga kisiki au jiwe, nguvu hupita kwenye wenzo mrefu na kuupinda mkono mmoja wa loda wakati mwenzake umebaki mzima. Mikono iliyopishana hutambulika baketi ikishushwa kwenye sakafu ya saruji: kona moja hugusa na nyingine huning'inia.

## Hatua ya 5: Chagua umbo kulingana na kazi

Baketi ya kawaida yenye mdomo ulionyooka huzoa, husawazisha na kubeba, na kwa shamba la mchanganyiko ndiyo ya kuanza nayo. Dai iwe na kisu cha mdomo kinachofungwa kwa bolti, ili kikilika kigeuzwe au kibadilishwe bila kukata baketi.

Kwa udongo mgumu, meno husaidia kwa sababu nguvu ya trekta hukusanyika kwenye ncha chache badala ya kutawanywa mdomo mzima. Chagua safu ya meno inayofungwa kwa bolti na kutolewa. Meno yaliyochomelewa moja kwa moja hukunyima kusawazisha, huchimba mashimo kwenye sakafu ya banda, na joto la kuchomelea linaweza kudhoofisha chuma kigumu cha mdomo. Hata ukiwa na meno, loda ya trekta dogo haikuundwa kuchimba ardhi ambayo haijatifuliwa. Pitisha jembe kwanza, kisha uzoe.

Samadi yenye majani marefu huishinda baketi, kwa kuwa mdomo uliobapa huyasukuma majani badala ya kuyapenya. Uma wa samadi huingia kwa urahisi na kwa kawaida ni mwepesi kuliko baketi ya upana huohuo. Ukiwa na makucha ya kushikilia kwa juu, hubeba pia matawi na nyasi za malisho. Samadi ya majimaji, kwa upande mwingine, itapita kati ya meno yake yote na kukuachia kazi ya beleshi.

Baketi ya matundu, inayobakiza mawe na kuachia udongo, ni ya mashamba yenye mawe na haina kazi nyingine. Ile ya vipande viwili, inayofunguka katikati, hufanya kazi nyingi kwa ustadi, lakini ni nzito. Rudia hatua ya 3 kwa uzito wake kabla ya kuvutiwa na maonyesho ya muuzaji.

## Hatua ya 6: Hakikisha inashikana na loda na kwamba mafuta yanafika

Baketi iliyofungwa kwa pini moja kwa moja huwa nyepesi na huuweka mzigo karibu na trekta. Kiungo cha haraka hukuruhusu kubadilisha vifaa bila nyundo, ila huongeza uzito wake na kuisogeza baketi mbele, na vyote viwili hupunguza kilo zinazobaki. Kama utakuwa na kifaa kimoja tu, pini zinatosha kabisa.

Usinunue kwa kuambiwa kwamba kifaa kinaingia trekta zote. Pima kipenyo cha pini, nafasi kati ya masikio ya baketi yanayoshikwa na mkono wa loda, na umbali kutoka pini ya juu hadi ya chini. Viungo vya haraka navyo si vya aina moja: bamba la mtindo wa loda ndogo za Marekani, lililowekewa vipimo na ISO 24410, halishikani na kulabu za mtindo wa Ulaya. Matrekta ya mtumba ya Kijapani mara nyingi huja na vipimo vyake vyenyewe, na hapo fundi wa kuchonga pini na bushi atahitajika.

Baada ya kufunga kiungo cha haraka, shuka uone kwa macho kwamba pini zote mbili za kufungia zimepita upande wa pili. Kisha inamisha baketi na uukandamize mdomo wake polepole ardhini. Ikibaki imara, imefungika. Kiungo kilichofungika upande mmoja hubeba vizuri hadi pale mzigo unapokuwa juu.

Makucha na baketi ya vipande viwili vinahitaji njia ya tatu ya mafuta, yaani jozi ya ziada ya mipira ya presha yenye valvu yake. Uliza bei yake pamoja na bei ya kifaa, kwa maana mara nyingi haitajwi.

Tahadhari. Usitafute uvujaji wa mpira wa presha kwa mkono, hata wenye glavu. Pitisha kipande cha boksi. Mafuta yataacha alama juu yake. Mafuta ya presha kubwa hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana vizuri, na aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja hata kama haumwi, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji wa haraka.

## Hatua ya 7: Weka uzito wa nyuma

Hatua hii huachwa na wengi, na kuiacha ndiko kunakoua. Turudi kwenye mfano. Mzigo wa kilo 315 pamoja na baketi ya kilo 130 ni kilo 445, na tuseme zinakaa mita 1.4 mbele ya ekseli ya mbele. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.7. Zidisha 445 kwa 1.4, ugawanye kwa 1.7: magurudumu ya nyuma yamepunguziwa karibu kilo 366, na ekseli ya mbele imebebeshwa zile 445 pamoja na hizi 366, jumla kilo 811 juu ya uzito wake wa kawaida.

Ekseli ya mbele ya trekta huyumba kwenye pini ya katikati ili ifuate mabonde ya ardhi, hivyo haizuii trekta kulala ubavu hadi ifike kwenye kizuizi chake. Kinacholisimamisha trekta ni magurudumu ya nyuma yenye uzito wa kutosha. Tena, katika matrekta mengi madogo breki zimo nyuma tu. Gurudumu linaloelea halisimamishi kitu. Ndiyo sababu kwenye mteremko gia ya magurudumu manne iwe imeingizwa daima, ili ya mbele nayo yashikwe kupitia shafti.

Kata pipa la lita 200 katikati, usimamishe ndani yake fremu ya chuma inayoingia kwenye mikono mitatu ya nyuma, ile inayobeba jembe, kisha ulijaze zege. Nusu pipa ni lita 100, na zege ina takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo utapata kilo 240. Likikaa mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma, litayarudishia magurudumu hayo karibu kilo 367 na kuipunguzia ekseli ya mbele kilo 127. Kiasi halisi kifuate kitabu chako. Maji ndani ya matairi ya nyuma, hadi kimo cha vali ikiwa juu, yanaongeza uthabiti, lakini hayaipunguzii ekseli ya mbele mzigo wowote. Hayachukui nafasi ya zege.

Matairi ya mbele yajazwe upepo wa kiwango ambacho kitabu kinataja kwa kazi ya loda.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kumaliza malipo

Mwombe muuzaji jaribio la kitu unachokibeba kweli. Kabla ya kuanza, funga mkanda ikiwa fremu ya kukinga dereva imesimamishwa. Fremu ikiwa imelazwa, usiendeshe trekta lenye mzigo mbele.

Anza na nusu ya mzigo. Nyanyua hadi kimo cha goti, uende mwendo wa mtu anayetembea, upige kona pana, usimame. Ongeza hadi kwenye mstari wa rangi. Mzigo usafiri ukiwa chini siku zote na upandishwe pale tu trekta linapokuwa limesimama mbele ya tela. Mtu yeyote asisimame wala kupita chini ya mikono iliyoinuliwa, hata kwa muda wa kuokota spana.

Baketi imekufaa ukiona mambo haya: mikono inapanda kwa mwendo usiobadilika, bila mlio mkali wa valvu ya presha, magurudumu ya nyuma yanaendelea kuacha alama kamili ya meno yake ardhini, usukani unageuka bila kupiganwa nao, na mdomo unagusa sakafu kwa urefu wake wote. Mlio wa valvu unapotokea na mzigo wa kwenye mstari, hakikisha kwanza uzito wa baketi kwa mizani ya mnada wa mifugo au ya mazao, kwa sababu uzito uliotajwa dukani ndio wa kutiliwa shaka kabla ya pampu.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kaza tena bolti zote zinazoshika loda kwenye chesi, upige grisi kila nipo ya pini, yaani kitundu cha kuingizia grisi, na ukague kama rangi imepasuka kwenye maungio ya kuchomelea. Ufa wa rangi hapo mara nyingi ni mwanzo wa ufa wa chuma. Ukiuona, rudisha baketi ikiwa bado chini ya dhamana, na usikubali ifunikwe kwa kuchomelewa juujuu.